Jina katika Daftari: Uanafunzi, Ulinzi wa Mtoto na Familia katika Shule ya Msingi Tanzania Bara tangu Uhuru

Utangulizi

Daftari la mahudhurio hupatikana katika kila shule ya msingi ya Tanzania Bara, na pengine kwa sababu hiyo halimvutii mtafiti kwa urahisi. Majina ya wanafunzi yamepangwa upande wa kushoto, siku za juma zimeandikwa juu, na mahali jina linapokutana na siku mwalimu wa darasa huweka alama ya kuwapo au ya kutokuwapo. Mwisho wa mwezi alama hizo hujumlishwa, na takwimu yake hupelekwa kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, na hatimaye wilayani. Ni kazi ya kuchosha na ya kila siku, isiyo na sifa. Hata hivyo, insha hii inadai kuwa bila kulisoma daftari hilo kwa makini, historia ya namna shule ya msingi ilivyomlinda mtoto na kuisaidia familia yake haiwezi kueleweka.

Hoja yenyewe ni hii. Kwa sehemu kubwa ya kipindi cha tangu mwaka 1961, ulinzi wa mtoto Tanzania Bara ulijengwa juu ya hadhi ya uanafunzi kuliko juu ya hadhi ya utoto. Dola ilimjua mtoto, ikamfuatilia na kumtetea, kwa kuwa jina lake lilikuwamo katika daftari la shule. Jina lilipofutwa, au lilipofika mwisho wa darasa la saba, mkono wa dola ulilegea. Familia nayo ilifikiwa kwa njia hiyohiyo, ikisaidiwa, ikisimamiwa na wakati mwingine ikiadhibiwa kwa kuzingatia kilichoandikwa mbele ya jina la mtoto wake.

Mjadala unahusu Tanzania Bara pekee, kwani Zanzibar ina sheria zake za elimu na za mtoto, nazo zinastahili uchunguzi wa peke yake. Ushahidi unatokana na sheria, kanuni, nyaraka za elimu na maazimio ya sera.

Kabla ya daftari la kijiji

Wazo la kuwa shule ni mahali pa usalama wa mtoto ni la zamani kuliko dola ya Tanzania. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuanzisha kituo Bagamoyo, wakakusanya humo watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao walipewa majina mapya, wakafundishwa kusoma, useremala na kilimo, na baadaye wakaozeshwa wao kwa wao katika kijiji cha misheni. Walilindwa kweli dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Lakini ulinzi huo uliwezekana kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kutengwa na jamaa zao. Hapakuwa na mzazi wa kuitwa, wala mjomba wa kushauriwa. Misheni ilikuwa shule, ilikuwa nyumba, na ilikuwa pia mwajiri, kwani mashamba ya kituo yalilimwa kwa mikono ya watoto hao.

Mfano wa Bagamoyo haukuenea. Katika sehemu kubwa ya Tanganyika ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, shule iliwagusa watoto wachache. Mwaka wa Uhuru wanafunzi wa shule za msingi hawakufika nusu milioni. Watoto wengi hawakujulikana na daftari lolote, na usalama wao ulikuwa jambo la ukoo, yaani la bibi, shangazi, mjomba na jirani. Ipo tabia ya kuusifu mfumo huo wa ukoo kana kwamba hakuna mtoto aliyeumia ndani yake. Mwandishi wa insha hii hakubaliani na sifa hizo za jumla. Ukoo uliomlinda mtoto dhidi ya njaa ndio pia uliokaa kikao na kupanga mahari yake. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba ulinzi ule, mwema au mbaya, haukuandikwa popote, na hivyo haukuweza kudaiwa mbele ya mtu yeyote nje ya ukoo.

Musoma na kijiji

Mabadiliko makubwa yalikuja katika muongo wa 1970. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kuwa ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Azimio hilo, lililokuja kujulikana kwa jina la UPE, lilikwenda sambamba na Operesheni Vijiji, ambayo kati ya 1973 na 1976 iliwahamishia mamilioni ya wakulima katika vijiji vya pamoja. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Shule ya kijiji isingeweza kuwaandikisha watoto ambao nyumba zao zimetawanyika porini, na kijiji kilichohamishwa kwa nguvu kilihitaji kitu cha kuwaonyesha watu kuwa kuhama kulikuwa na faida. Mara nyingi kitu hicho kilikuwa shule, yenye kuta za matofali yaliyofyatuliwa na wanakijiji wenyewe.

Idadi ya wanafunzi ilipanda hadi kupita milioni 3 kufikia mwaka 1980, na kiwango cha uandikishaji kikavuka asilimia 90. Wanahistoria wa uchumi wa elimu wameandika mengi kuhusu gharama ya kasi hiyo, hasa upungufu wa vitabu, madarasa yaliyojaa, na walimu waliochukuliwa baada ya kumaliza darasa la saba na kufunzwa wakiwa kazini. Walimu hao, walioitwa walimu wa UPE, wamebezwa sana katika maandishi na katika mazungumzo ya mitaani. Kwa upande wa ulinzi wa mtoto, hata hivyo, walikuwa na sifa moja ambayo haijapewa uzito unaostahili, nayo ni kwamba wengi wao walifundisha katika vijiji walivyoishi. Mwalimu aliyeona jina fulani halijibiwi kwa siku tatu aliijua nyumba, alimjua baba mlevi au mama mgonjwa, na alikutana na bibi wa mtoto huyo kisimani. Taarifa iliyohitajika ili kumlinda mtoto haikusafiri mbali.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliyafunga haya yote katika mfumo wa kisheria. Iliwalazimu wazazi kuwaandikisha watoto waliotimiza miaka 7 na ambao hawajafikisha 13, na kuhakikisha kuwa wanahudhuria hadi wamalize. Mzazi aliyekaidi alitenda kosa. Sheria ilianzisha pia kamati ya shule, chombo ambacho wazazi na uongozi wa mahali walikaa pamoja na mwalimu mkuu. Kutokana na hapo ukajengeka utaratibu ambao kila aliyesoma vijijini anaufahamu: mwalimu wa darasa humtuma mwanafunzi jirani kuuliza, jibu lisiporidhisha, mwalimu mkuu humwandikia mtendaji wa kijiji, mtendaji humwita mzazi, mzazi asipofika hufuatwa na mgambo, na shauri hutolewa uamuzi kwa onyo au faini.

Tunapouita utaratibu huu ulinzi wa mtoto, hatuna budi kukiri kuwa haukubuniwa kwa lengo hilo. Ulibuniwa kupambana na utoro. Mtoto aliyefuatwa na mgambo alikuwa, kwa lugha ya dola, mtoro, na mzazi wake mkaidi. Lakini wakati mgambo akimtafuta mtoro, alimkuta mtoto aliyekodishwa kuchunga ng'ombe wa tajiri, aliyebaki nyumbani kuuguza, au aliyekwisha kuposwa. Sababu za utoro zilipoandikwa katika barua ya mwalimu mkuu, mambo ya ndani ya familia yaliingia kwa mara ya kwanza katika majalada ya umma. Huo ndio mchango wa daftari, kwamba kutokuwapo kwa mtoto kulipata maandishi na kuhitaji maelezo.

Mwanafunzi na mtoto mbele ya sheria

Nguvu ya hadhi ya uanafunzi huonekana wazi zaidi katika suala la ndoa na mimba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18, na wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15, kwa ridhaa ya mzazi; mahakama iliweza kuruhusu hata miaka 14. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipandisha umri wa msichana kuridhia tendo la ndoa hadi miaka 18, lakini ikamwacha nje mke aliyetimiza miaka 15. Kwa hiyo msichana wa miaka 15 alikuwa mtoto asiyeweza kuridhia mbele ya mwanamume yeyote isipokuwa yule aliyemlipia mahari. Kumwita mtoto hakukutosha kumlinda.

Kilichomlinda ni sare. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu mwaka 2003 ziliweka adhabu kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu yenyewe na kuipandisha adhabu hiyo hadi kifungo cha miaka 30. Marekebisho hayo yalimfikia pia anayesaidia au kushawishi ndoa ya mwanafunzi, na yakamtaka mkuu wa shule atunze kumbukumbu na kutoa taarifa kila robo mwaka kuhusu ndoa na mimba za wanafunzi pamoja na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Tuchukue wasichana wawili wa miaka 15 katika kijiji kimoja, mmoja akiwa darasani na mwingine nje ya shule. Kwa wa kwanza, mposaji alikabiliwa na miaka 30 gerezani. Kwa wa pili, mposaji huyohuyo aliweza kufunga ndoa halali. Tofauti yao haikuwa umri wala ukomavu wa mwili. Ilikuwa jina katika daftari.

Mahakama imeanza kuliziba pengo hilo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Lakini historia ndefu ya awali imeacha alama katika fikra za watu. Mpaka leo, katika mazungumzo ya kawaida, kosa husemwa kuwa ni "kumpa mimba mwanafunzi", mara chache kuwa ni kumwingilia mtoto. Lugha imehifadhi mpangilio wa zamani wa sheria.

Ulinzi unaotokana na hadhi una hatari yake, kwani hadhi inaweza kuondolewa. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu kumwondoa shuleni mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili au aliyefunga ndoa. Neno mimba halikutajwa, lakini mimba ilihesabiwa kuwa kosa la kimaadili, na shule nyingi zikawapima wasichana ili kuigundua mapema. Ukinzani wake ni mkubwa. Sheria iliyomtambua msichana kuwa mwathirika iliandamana na kanuni iliyomtambua kuwa mkosaji, na zote mbili zilitekelezwa na mwalimu mkuu yuleyule, pengine siku ileile. Asubuhi aliandika taarifa ya polisi dhidi ya mwanamume, mchana akalikata jina la msichana kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo msichana alirudi katika familia iliyomkasirikia, bila mwalimu wa kuuliza habari zake, katika miezi ambayo alihitaji kuulizwa kuliko wakati wowote. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kuwa aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake, na msimamo huo ukawa ndio wa serikali kwa miaka iliyofuata.

Novemba 2021 mwelekeo ulibadilika. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, zikiwamo mimba, warejee katika mfumo rasmi. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa upimaji wa lazima na ufukuzaji ulikiuka haki za wasichana. Kwa mtazamo wa insha hii, uzito wa waraka ule uko katika jambo dogo la kiutendaji, kwamba kwa mara ya kwanza jina lililokatwa kwa sababu ya mimba liliweza kuandikwa tena.

Ada, yatima na fedha za kaya

Mpaka hapa familia imeonekana kama mshitakiwa. Upande wa pili, wa msaada, una historia iliyovunjika vipande.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 uliirudisha michango iliyokuwa imefutwa, ukiwamo mchango wa UPE. Aliyesoma katika miaka ya 1990 atakumbuka jinsi mwalimu wa zamu alivyosimama mstarini na kusoma majina ya wasiolipa, kisha akawarudisha nyumbani "wakafuate ada". Watoto walikaa nyumbani siku nzima, wengine juma zima. Daftari, lililokuwa limetumika kuwavuta watoto waingie shuleni, likawa sasa linatumika kuwatoa. Uandikishaji ulishuka vibaya katika muongo huo.

Wakati huohuo UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa ukiacha yatima katika kila kijiji cha mkoa huo na mingine mingi. Kwa mtoto aliyefiwa na wazazi wote, mchango wa shule haukuwa na wa kuulipa. Katika mazingira hayo walimu wengi walifanya jambo ambalo halikuwamo katika kanuni yoyote, nalo ni kusamehe kimya, au kumwandika mtoto kuwa amelipa. Baadaye dola iliurasimisha ujuzi huo wa mwalimu. Kamati za watoto walio katika mazingira hatarishi ziliundwa vijijini na mitaani, na Mpango wa Taifa wa mwaka 2007 hadi 2010 ukawatambua watoto hao kuwa kundi linalostahili huduma. Mara nyingi aliyejua nani yatima, nani anaishi na bibi asiyeona, na nani anapika kwa ajili ya wadogo zake, alikuwa mwalimu wa darasa.

Ada na mchango wa lazima vilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002. Sambamba nao ulienezwa Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, MEMKWA, uliowapa daftari lao wenyewe watoto waliopitwa na umri. Hata hivyo michango ya ulinzi, madawati, mitihani na uji ilirudi kidogo kidogo kupitia kamati za shule, mpaka Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoipiga marufuku kuanzia Januari 2016. Hapo msaada kwa familia ulikuwa ni kuondolewa mzigo. Gharama ya uji, lakini, haikuondoka kwa waraka. Shule zilizoogopa kuchangisha ziliacha kupika, na mtoto wa kaya maskini, ambaye marufuku ile ilikusudiwa kumsaidia, akawa wa kwanza kukaa na njaa hadi saa 8 mchana. Katika kumbukumbu za miaka ile, huu ni mfano mzuri wa tofauti kati ya kuifutia familia deni na kumlisha mtoto wake.

Aina nyingine ya msaada ilikuja na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, uliofanyiwa majaribio mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kabla ya kuenezwa nchini. Kaya ilipokea ruzuku ya fedha, na sehemu yake ilitegemea mahudhurio ya watoto shuleni yasiyopungua asilimia 80. Alama za mwalimu wa darasa ziligeuka kuwa chakula cha jioni cha kaya nzima. Mwalimu aliyekuwa msimamizi wa nidhamu akawa pia, bila kuomba, mthibitishaji wa malipo. Si vigumu kufikiri jinsi alama ya "yupo" ilivyoweza kuwekwa kwa huruma mbele ya jina la mtoto aliyekuwa shambani akisaidia kuvuna, na mtafiti anayetumia madaftari ya kipindi hiki analazimika kuyasoma kwa tahadhari. Tahadhari nyingine inatokana na ruzuku ya uendeshaji inayotolewa kwa idadi ya wanafunzi. Uhakiki wa mwaka 2016 ulibaini makumi ya maelfu ya "wanafunzi hewa". Daftari lililoacha kuwa la utoro tu na kuwa la fedha lilianza kusema uongo wa aina mpya.

Kitabu cha pili

Swali gumu kuliko yote halihusu kumlinda mtoto dhidi ya nyumbani. Linahusu kumlinda dhidi ya shule yenyewe.

Methali ya "mchelea mwana kulia hulia yeye" imetumika kwa vizazi kutetea kiboko, na sheria haikukikataza. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, na zile zilizotangazwa mwaka 2002, ziliiwekea mipaka. Tangu mwaka 2002 viboko havipaswi kuzidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa kama shuleni hakuna. Na kila adhabu huandikwa katika kitabu maalumu, pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyeitoa.

Kwa hiyo kila shule ilitakiwa kuwa na vitabu viwili. Cha kwanza, cha mahudhurio, kilimsimamia mtoto na mzazi, na kilijazwa kila siku. Cha pili kilimsimamia mwalimu, na wanaozifahamu shule zetu wanajua jinsi kurasa zake zilivyobaki nyeupe. Sababu ya tofauti hiyo si siri. Kitabu cha mahudhurio kilikaguliwa na watu wa nje, yaani mratibu, wilaya na TASAF. Kitabu cha adhabu kilikaguliwa na yule aliyetoa adhabu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na ripoti yake kutolewa mwaka 2011, uliwauliza vijana wenyewe. Takribani wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na takribani nusu ya waliohojiwa walieleza kuumizwa kimwili na walimu. Yaliyokosekana katika kitabu cha pili yalikuwamo katika kumbukumbu za watoto.

Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi katika Manispaa ya Bukoba alifariki dunia baada ya kuadhibiwa na mwalimu. Tukio hilo lilileta mjadala mkubwa bungeni na katika magazeti, lakini kanuni za viboko zilibaki. Wengi walijadili tabia ya mwalimu mmoja. Wachache walijadili kitabu.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ilikuwa na uwezo wa kuugeuza mfumo mzima, kwani ilimlinda mtu kwa sababu tu ni mtoto, awe darasani, sokoni au machungani. Ilimpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua kuwa haki za mtoto zinavunjwa. Vyombo vilivyofuata, yakiwamo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, pamoja na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, vilisimama juu ya msingi huo. Tatizo ni umbali. Afisa ustawi wa jamii hukaa makao makuu ya halmashauri, na dawati la polisi liko kituoni. Anayemwona mtoto kila asubuhi ni mwalimu, na anayeweza kuwa mtuhumiwa ni mwalimu pia. Ndiyo maana wazo la karibuni la kuanzisha dawati la ulinzi na usalama wa mtoto ndani ya shule, ambalo wanafunzi wenyewe hushiriki kumchagua mlezi wanayemwamini, ni hatua muhimu kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Kwa mara ya kwanza kuna kumbukumbu ya shule ambayo chanzo chake ni mtoto.

Baada ya mtihani wa darasa la saba

Kuna kipindi kimoja ambacho hakuna daftari lililokifikia. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati waliopata nafasi za sekondari za serikali walikuwa wachache mno katika kila mia, mtihani huo ulikuwa ndio mwisho wa uanafunzi kwa karibu wote. Mtoto wa miaka 14 aliingia katika chumba cha mtihani akiwa mwanafunzi, akatoka akiwa kijana wa kijijini ambaye sheria ya elimu haikuwa na habari naye tena. Hata baada ya sekondari za kata kuongezeka tangu miaka ya 2000, miezi hiyo minne imebaki kuwa msimu wa posa, wa wasafirishaji wa wasichana wa kazi za ndani kwenda mijini, na wa wavulana kupelekwa migodini. Zipo taarifa nyingi za wazazi waliomwagiza binti yao ajibu mtihani vibaya kwa makusudi, ili jina lake lisionekane katika orodha ya waliochaguliwa na mahari yaweze kupokelewa bila kuogopa sheria. Wazazi hao walielewa vizuri hoja ambayo insha hii imeifikia kwa kupitia majalada. Walijua kuwa kinachomzuia mposaji ni daftari, na walijua siku ambayo daftari linafungwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani miaka 6 ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 chini ya mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba, na makundi hayo mawili yatatakiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Maandalizi yanayozungumzwa zaidi ni ya madarasa, madawati na walimu. Yapo pia maandalizi madogo ambayo wakuu wa shule za msingi na wa sekondari watalazimika kukubaliana: nani atakuwa na orodha ya majina hayo kati ya siku ya mwisho ya mtihani na siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, na ni nani atakayetumwa kwenda kuuliza nyumbani pale jina litakapoitwa Januari na lisijibiwe.